Uhusiano na Mwombaji: Hakuna

Jumanne ile, saa tano kasoro, ukumbi wa maombi ya viza ulikuwa umefurika mpaka watu wanakalia viti kwa zamu. Feni moja ilizunguka, ya pili ilikuwa inamtazama mwenzake. Ukutani zilibandikwa picha nne kubwa: mlima wenye theluji, jangwa la mchanga mwekundu, ziwa lisiloonekana ng'ambo yake, na msitu wa miti mirefu iliyosimama wima. Chini ya kila picha kulikuwa na maneno yale yale, kwamba yote hayo ni nchi moja. Jina lake rasmi lilikuwa refu, kwa hiyo watu waliiita Nchi Kubwa wakaendelea na foleni yao.

Kwenye dirisha la sita alikaa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, sweta ya kijivu ya ofisi, kitambaa cha zambarau kichwani, viatu amevivua chini ya meza. Kazi yake ilikuwa kupokea fomu, kukagua picha, kuuliza maswali na kuchukua alama za vidole. Miaka tisa ameshika vidole vya watu mpaka wenzake wakasahau jina lake, wakawa wanamwita Sita. Alikuwa amechoka, na si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha.

Mwanamume mmoja akaja mbele moja kwa moja, amemshika mzee mkono. Alivaa shati la mistari lililopigwa pasi likanyooka, na miwani ikining'inia kifuani kwa uzi.

"Dada, pole na kazi."

"Asante. Foleni inaanzia mlangoni, kaka."

"Foleni tumeipanga mara tatu. Mzee huyu amekuja Ijumaa, jana na leo, na kila siku unamrudisha kwangu akapigwe picha upya. Nimeona nije mwenyewe uniambie kosa liko wapi."

"Kumbe wewe ndiye mwenye studio ya ng'ambo ya barabara."

"Ndiye mimi."

Sita akaisukuma picha chini ya kioo. "Masikio hayaonekani."

Mpiga picha akavaa miwani. Akaitazama picha, akamtazama mzee. "Dada, masikio ya mzee wangu yamelala tangu azaliwe. Sasa niyaamshe?"

"Hata mke wangu hajawahi kuyalalamikia," mzee akasema, na watu wa benchi la mbele wakacheka.

Sita naye akacheka, kitu ambacho dirisha la sita halikuwa limekiona tangu mwaka uanze. "Mgeuze kidogo hivi, taa itoke pembeni. Na hicho kivuli nyuma ya shingo kiondoe. Ukimleta kabla ya saa saba nitampokea bila foleni."

"Unaijua kazi yangu kuliko mimi."

"Nimeshaona sura nyingi mno, kaka. Nitaachaje kujua?"

Mpiga picha hakuondoka. Alimwangalia machoni, pale chini ya macho penyewe. "Na wewe umelala lini mara ya mwisho?"

"Hilo swali halimo kwenye fomu."

"Naliongeza mimi."

"Basi acha nafasi wazi," Sita akasema. "Anayefuata!"

Mpiga picha naye alikuwa na jina lake la mtaani. Pasipoti haitaki meno, kwa hiyo kutwa nzima alikuwa akiwaambia watu neno moja, usicheke, usicheke, na mtaa ukampachika. Usicheke alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Kwa miaka sita kati ya hiyo alimuuguza baba yake, akimgeuza kitandani asubuhi na jioni, na tangu amzike hakuwa amepata nafasi ya kuanza lolote. Alifungua studio, alifunga studio.

Kesho yake saa saba, Sita alivuka barabara kwenda kumwonyesha mwanga unavyopaswa kukaa. Alikaa kwenye kigoda mbele ya kitambaa cheupe, akamwambia inua taa, shusha, rudi nyuma. Taa ikawa na joto zuri. Usicheke alipogeuka kutoka kwenye kamera, mkaguzi wake alikuwa ameegemea ukuta, mdomo wazi kidogo, usingizi mzito. Akatundika mlangoni kibao chake cha NIMETOKA MARA MOJA, akakaa kwenye kiti chake akamlinda. Baada ya dakika ishirini akamgusa bega.

"Dada, saa nane kasoro kumi."

"Nimekoroma?"

"Kidogo tu. Wateja wawili wamegonga, nikanyamaza."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Wapenzi wengine hupelekana kwenye muziki na kuvalia mavazi ya kuazima. Hawa walipeana usingizi. Kila mchana kibao kilitundikwa, mmoja akalala, mwingine akakaa macho. Siku ambazo wote walikuwa macho walizungumza mpaka saa ikawakimbia. Jioni simu ikalia.

"Umefika, mpenzi?"

"Nimefika. Navua viatu."

"Umefikia cha ngapi?"

"Cha kwanza. Cha pili nguvu zimeniishia."

"Laiti ningekuwepo nikuvue."

"Ungekuja ungelala wewe, nikuvue mimi. Nakujua."

Sita alikuwa akiongea bafuni, bomba likitiririka. Sita aliishi na mama yake, mwalimu mstaafu mwenye masikio makali, na mama huyo alikuwa hajui kwamba Usicheke amezaliwa. Miaka minane iliyopita Sita aliolewa kwa shangwe. Mtaa mzima ulikuja, mama akasimama mbele ya watu akatoa hotuba. Mwaka wa pili ndoa ikavunjika, na mtaa ule ule ukaja kuuliza. Mama alijibu maswali mwaka mzima, akakonda. Sita akaapa moyoni kwamba hataleta tena mtu nyumbani. Hakuwa anamwonea Usicheke aibu. Alikuwa amechoka kuulizwa. Kutwa anauliza watu maswali, kisha arudi nyumbani aanze kujibu? Kila Usicheke alipotaja kuja kumsalimia mama, alimjibu, "Bado kidogo." Na kidogo hicho kilifika mwezi wa tano.

Safari ilikuwa wazo la Usicheke. Kulikuwa na kundi la watu kumi na wanane waliojiandikisha kuizunguka Nchi Kubwa kwa siku kumi na mbili, na nafasi mbili zilikuwa zimebaki.

"Twende," akamwambia. "Mimi nimewapiga picha maelfu ya watu waende. Wewe umewashika vidole. Sisi je, tumekosa nini?"

"Twende tukafanye nini?"

"Wenzetu wataangalia mlima. Sisi tutalala mbele yake."

Sita akasema ndiyo bila kufikiri, kisha akafikiri usiku kucha. Kulikuwa na jambo ambalo Usicheke hakulijua. Kila mhudumu wa dirishani, akipokea faili, hujaza karatasi ndogo ya ofisi yenye mstari usemao: Uhusiano na mwombaji. Ukiandika kwamba ni ndugu, jirani au mchumba, faili linaondolewa kwenye madirisha na kupelekwa makao makuu, na huko linakaa wiki sita. Kundi lilikuwa linaondoka baada ya wiki nne. Faili la Sita mwenyewe, kwa kuwa ni mfanyakazi, lilikuwa na njia yake ya haraka. Faili la Usicheke likaangukia dirisha la sita siku ya Jumatatu, na Sita akaandika: Hakuna. Simfahamu mwombaji. Akatia sahihi.

Nia ilikuwa kumwahisha, na hilo ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba mkono haukusita. Kumkana kulikuwa rahisi kuliko kueleza.

Kosa lake, yeye ambaye kazi yake ni kukagua fomu, ni kwamba hakuisoma fomu ya Usicheke mpaka mwisho. Alikuwa anaijua sura, anajua tarehe ya kuzaliwa, akaona inatosha. Na Usicheke, ambaye hakujua kuna karatasi nyingine, alipofika kwenye swali la ukurasa wa nne, Unasafiri na nani, aliandika kwa herufi kubwa za mtu mwenye furaha: MCHUMBA WANGU, YULE WA DIRISHA LA SITA.

Alhamisi mkuu wa zamu aliwaita wote wawili kwenye chumba chake chenye meza moja na kalenda ya mwaka juzi. Alikuwa mama mtu mzima, mpole, na upole wake ulikuwa unatisha kuliko makelele. Akaweka karatasi mbili mezani, moja kando ya nyingine.

"Someni," akasema.

Usicheke akavaa miwani. Alisoma ya kwake akatabasamu. Akasoma ile ndogo. Akarudia kuisoma.

"Mmoja wenu hapa amesema uongo," mkuu wa zamu akaendelea. "Kama ni mwombaji, hatakanyaga Nchi Kubwa maisha yake yote. Kama ni mhudumu, hana kazi kuanzia leo, na viza yake inafungwa miaka mitano. Mimi sitaki hadithi. Nataka kujua ni nani."

Sita alizitazama karatasi. Aliwaza mama yake, dawa za mama yake, miaka tisa ya kukaa kwenye kiti kile. Aliwaza kurudi nyumbani leo na kuanza kueleza. Nje mtu alikuwa anaita namba, mia moja na nane, mia moja na tisa. Usicheke alikuwa anamtazama, akingoja. Alingoja mpaka ikafika mia moja na kumi na mbili.

"Ni mimi, mama," Usicheke akasema. "Nilimfananisha."

"Ulimfananisha mchumba?"

"Mtu akipenda sana huona vitu."

"Si kweli," Sita akasema. "Namfahamu. Ni mwenzangu, miezi mitano sasa. Nimeandika uongo mimi, kwa mkono wangu."

Mkuu wa zamu akashusha pumzi. Alimpenda huyu binti, na alikuwa amemfundisha kazi yeye mwenyewe. "Vua kitambulisho, mwanangu," akasema. "Faili la mwenzako litaendelea dirisha jingine; wewe si mhudumu tena, halina haja ya makao makuu."

Walisimama nje kwenye jua, Sita na mfuko wenye viatu vya akiba na kikombe chake. Magari yalikuwa yanapita katikati ya ukumbi na studio. Hakuna aliyevuka.

"Nilitaka uwahi," Sita akasema. "Ningeandika ukweli, faili lingekaa wiki sita."

"Nimeelewa hilo. Sina neno nalo."

"Sasa mbona unaniangalia hivyo?"

"Ulinyamaza, mpenzi. Mle ndani. Mpaka nikajitoa mimi ndiyo ukasema."

"Lakini nilisema! Nimepoteza kazi kwa kusema!"

"Ulisema kwa sababu karatasi zilikubana. Nyumbani kwenu hakuna karatasi, na hujasema." Hakupandisha sauti. Angepandisha, ingekuwa nafuu. "Mimi si mtoto wa kuficha. Nina miaka arobaini na mitatu, nina mvi. Nimechoka kuwa sauti ya bafuni."

Alichokuwa nacho Sita ni ombi, akalitoa papo hapo kabla halijamponyoka.

"Nenda huko."

"Peke yangu? Kufanya nini?"

"Miaka tisa nimewapeleka watu. Hakuna hata mmoja aliyerudi dirishani kuniambia kukoje. Wakipata pasipoti basi, wameshanisahau. Mimi nimefungiwa. Nenda wewe, uniambie."

Usicheke akaitazama barabara. "Nitaenda," akasema. "Nitakupigia. Nimekubali hilo tu, mengine sijui."

Nyumbani Sita alimwambia mama kwamba yuko likizo. Mama akasema vizuri, ulale. Na kweli alilala, siku mbili, kama mtu aliyetolewa mzigo mgongoni akaambiwa kesho atabebeshwa mwingine.

Wiki ya nne kundi likaondoka, na simu ya kwanza ya safari ikaja asubuhi, kutoka jangwani.

"Haya, niambie," Sita akasema, bomba likitiririka.

"Mchanga."

"Mchanga tu?"

"Mwingi. Mwekundu. Umeingia mpaka kwenye soksi, na nimezivua nimezivaa, bado uko ndani."

"Nimekaa mwaka wa tisa nangoja kuambiwa soksi?"

"Subiri basi." Upepo ukasikika. "Asubuhi hii kilima kimoja kilikuwa na kivuli upande mmoja, kimekatika wazi, kama kimekatwa kwa kisu. Nikasema huu ndio mwanga ule ulionifundisha. Nimegeuka nikuonyeshe, nikakuta kiongozi wa kundi anatafuna biskuti."

Sita akacheka, akafuta macho. Siku ya tatu alipiga kutoka tambarare ya nyasi ambako basi lilikwenda saa sita bila kuona mti. Siku ya tano alipiga kutoka kwenye theluji, meno yakigongana. "Ni nyeupe kupita kitambaa changu," akasema. "Hapa huwezi kumpiga mtu picha akarudishwa." Sauti yake ilikuwa imeanza kulainika, na Sita alikuwa ameanza kuhesabu saa. Aliijua ratiba kwa moyo: kesho ziwa, kisha msitu, kisha mji mkubwa, kisha kurudi. Alimpenda mpaka kifua kikauma, na bado kila simu ilipoingia alikimbilia bafuni.

Ya ziwani ikaingia akiwa jikoni, mikono ina povu. Alishindwa kukimbia, akaipokea kwa bega.

"Sita, mpenzi, natamani ungeona. Ng'ambo haionekani. Wanasema ni ziwa, mimi naona ni uongo, na nimesimama..."

"Nani huyo saa hizi?" mama akauliza kutoka sebuleni.

"Mtu wa kazini, mama!"

Ikaja sauti ya Usicheke, taratibu, imechoka kabisa. "Wa kazini? Na kazi yenyewe huna." Simu ikakatika.

Siku mbili hakupiga. Sita alijua kwamba siku ya kwanza wako msituni, na ya pili bado wako msituni, na kwamba msitu ule una njia ya mbao inayopita juu kwa juu kati ya miti. Alijua kila kitu cha Nchi Kubwa, ila kama mtu wake amekula. Alijaribu kulala, usingizi ukamkataa. Alijaribu kukasirika naye, hasira haikukaa. Uoga tu ndio ulibaki, na akauona ulivyo: kumbe alikuwa radhi kumpoteza mwanamume mzima ili asiulizwe maswali mawili matatu na mama yake mzazi.

Jumapili mchana mama alikuwa sebuleni anapiga pasi. Sita akatoka chumbani, akaweka simu juu ya meza ya pasi, katikati ya mashuka, akabonyeza spika. Ikaita mara nne.

"Ndiyo," Usicheke akasema. Nyuma yake kulikuwa na injini ya basi na watu wanaongea.

"Niko na mama hapa. Anakusikia."

"Mama," Sita akasema, akajishikiza kwenye meza. "Huyu unayemsikia anapiga picha za pasipoti pale ng'ambo ya kazini. Nampenda. Ni miezi sita. Niliandika ofisini kwamba simfahamu, na kwa ajili hiyo wamenifukuza, sina kazi tena, si likizo. Na wewe nilikuficha. Yeye hakunikosea kitu. Nilichoka tu, mama. Nilikuwa naogopa waje tena kukuuliza."

Mama akaisimamisha pasi wima. Alimwangalia binti yake, kisha simu, kisha binti yake.

"Miezi sita unaongea na bomba la bafuni," akasema. "Mimi nilidhani umechanganyikiwa. Nilishapanga kukupeleka hospitali."

Kwenye simu mtu alicheka, akajizuia.

"Na hao wa kuuliza," mama akaendelea, "nimefundisha darasa la watoto sabini miaka thelathini na moja. Maswali hayaniui. Kilichonikondesha mwaka ule ni wewe kutokula. Kazi utatafuta nyingine." Akavuta kiti, akakaa, akaisogelea simu kama anavyomsogelea mtoto wa dawati la nyuma. "Baba, hujambo?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Ndani ya basi, mama. Tunatoka msituni. Watu wote wamenyamaza wananiangalia."

"Waache waangalie. Kuna baridi huko?"

"Kali, mama."

"Umevaa?"

"Nimevaa mashati matatu."

"Matatu ni machache. Huyu mwanangu anasema anakupenda. Umesikia?"

Injini ya basi ikanguruma, mtandao ukayumba, ukarudi. Sita alikuwa amefumba macho.

"Nimesikia, mama," Usicheke akasema. "Sita, nimesikia."

"Unatua lini?" mama akauliza.

"Alhamisi asubuhi."

"Ukitua usipitie kwako kwanza. Njoo hapa moja kwa moja."

"Nitakuwa na begi, mama. Kubwa, limejaa mchanga."

"Njoo nalo," mama akasema, akainua pasi. "Nafasi ipo."